Kisu Butu Si Dini ya Mtu

Krismasi ya mwaka 2012 ilinikuta Kikwajuni, Unguja. Nilikuwa mchungaji kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha theolojia, nimetumwa visiwani kusaidia kazi ya usharika. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba yenye ua wa pamoja: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Familia nyingine zote za uani zilikuwa za Kiislamu.

Ulikuwa mwaka mgumu. Mwezi Mei makanisa kadhaa ya Unguja yalivamiwa na kuchomwa moto. Huko bara, katika Kanda ya Ziwa, watu walianza kugombana juu ya jambo lililokuwa limetulia miaka mingi: nani achinje? Maneno hayo yalivuka bahari yakafika hata kwetu. Pale uani desturi ilikuwa nyepesi. Aliyekuwa na kuku alimpeleka kwa mzee jirani, akachinjiwa, na nyama ikawa halali kwa kila aliyepita na kukaribishwa. Nami nilikuwa nimefanya hivyo tangu nifike. Lakini Krismasi ile nilimwambia mke wangu kwamba jogoo wetu simpeleki kwa mtu. Mkristo ana uhuru wa kuchinja chakula chake, nilisema. Neno lenyewe ni kweli, ila lilitoka katika kinywa chenye hasira na hofu.

Nilimchinja jogoo nyuma ya jiko, kwa kisu cha kukatia mchicha. Kisu kilikuwa butu. Nilikata, nikarudia, nikakandamiza. Jogoo akaniponyoka, akakimbia uani huku damu ikimtoka, akalizunguka karo la kufulia, akaanguka karibu na mlango wa yule mzee. Binti yangu alikuwa amesimama pale. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, mbona anatuangalia?"

Jioni mzee alibisha hodi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakukubali hata kukaa. Alinipa kinoo, jiwe la kunolea lililolika katikati kwa kutumika miaka mingi, akasema, "Mchungaji, mimi sina neno na dini yako. Chinja, ni haki yako. Lakini yule jogoo kateseka. Kisu butu si dini ya mtu." Alipotoka alipita penye doa la damu, akalifukia kwa mchanga kwa ncha ya kiatu chake, akaingia kwake.

Swali la mtoto na neno la mzee yamenifuata kwa zaidi ya miaka 10. Mnyama wa nyumbani akiitazama familia inayosema inamcha Mungu, anaona nini? Nilipoanza kutafuta jibu, nililikuta katika historia ya watu ambao Mkristo huwasoma kila Jumapili lakini hawafahamu vizuri: Wayahudi.

Mnyama ndani ya orodha ya familia

Tunapowafundisha watoto wa kipaimara Amri Kumi, amri ya Sabato tunaifupisha sana. Tunawaambia waitakase siku ya mapumziko, tunaenda kwenye maelezo ya Luther, tunahamia amri inayofuata. Lakini amri yenyewe katika Kutoka 20:10 ni ndefu, na ndani yake kuna orodha ya watu wa nyumba moja. Ametajwa baba anayeambiwa neno, mwanawe na binti yake, mtumwa wake na mjakazi wake, kisha mnyama wake wa kufugwa, kisha mgeni aliye malangoni. Kumbukumbu la Torati 5:14 linaongeza ng'ombe na punda kwa majina. Mnyama amewekwa katikati ya familia na mgeni, na pumziko lake halikuachwa litegemee huruma ya mwenye mali. Limeamriwa pamoja na pumziko la mtoto.

Ukishaiona orodha hiyo, utaanza kuona mambo mengine uliyokuwa ukiyapita. Ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa (Kumbukumbu 25:4). Punda wa adui yako akilala chini ya mzigo wake, umsaidie (Kutoka 23:5). Ugomvi wako na mwenyewe haumhusu punda. Usimchinje mama na mtoto wake siku moja (Walawi 22:28). Ukikuta kiota, usimtwae ndege mama pamoja na makinda (Kumbukumbu 22:6-7). Hata mwanakondoo wa Pasaka katika Kutoka 12 hakununuliwa asubuhi akaliwa jioni. Alichukuliwa siku ya kumi ya mwezi, akatunzwa hadi siku ya kumi na nne. Kwa siku hizo watoto walimwona, walimsikia usiku, pengine walimpa majani kwa mikono yao. Familia haikuruhusiwa kusahau kwamba chakula chake kilikuwa na uhai.

Marabi walioirithi Torati waliisoma kwa jicho hilo. Katika Kumbukumbu 11:15 Mungu anataja kwanza majani ya mifugo, ndipo anataja mtu kula na kushiba. Kutokana na mpangilio huo wa maneno walifundisha kwamba mtu asile kabla hajawalisha wanyama wake. Hebu tumwaze mnyama wa nyumba kama hiyo. Hasomi Torati, hajui baraka zinazosemwa mezani. Lakini anajua nani hula kwanza. Anajua kwamba siku sita nira humkalia shingoni, na siku ya saba haiji. Kwake yeye dini ya nyumba ile ni mkono unaomjia asubuhi.

Na siku ya kufa? Sheria za Kiyahudi za kuchinja ni kali, na nilipozisoma kwa mara ya kwanza niliona aibu peke yangu chumbani. Kisu kikaguliwe kwa ncha ya kidole na kwa ukucha, upande huu na upande huu. Pengo dogo tu kwenye makali, nyama hailiwi. Mchinjaji hasiti katikati, hakandamizi. Kisu kikaguliwe tena baada ya kazi. Na damu ya ndege ifunikwe kwa udongo, kama Walawi 17:13 inavyoagiza. Yote niliyokosea kwa jogoo mmoja yalikuwa yameandikwa, na jirani yangu, ambaye mafundisho yake ya Kiislamu nayo yanaagiza kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, aliyajua kuliko mimi mwenye shahada ya theolojia.

Ng'ombe aliyelala na ndama aliyejificha

Wayahudi wa kale walisimulia visa viwili ambavyo ningependa kila mwinjilisti avijue.

Cha kwanza kinahusu Myahudi mmoja aliyefilisika akamuuza ng'ombe wake wa kulima kwa mtu asiye Myahudi. Siku sita ng'ombe alilima vizuri. Siku ya saba alilala chini, akapigwa, asiinuke. Mnunuzi akarudi kudai fedha zake. Yule Myahudi akaelewa, akaenda shambani, akamnong'oneza ng'ombe sikioni kwamba zamani walikuwa pamoja na kupumzika Sabato pamoja, lakini sasa ameuzwa, ana bwana mwingine, basi ainuke alime. Akainuka. Mnunuzi alipojua siri ile alitetemeka. Mnyama asiye na akili anamtambua Muumba wake, nami niliyeumbwa kwa mfano wa Mungu simtambui? Akaenda kujifunza Torati, na kwa masimulizi hayo huyo ndiye Rabi Yohanani wa karne ya 2 aliyeitwa mwana wa Torta, yaani mwana wa ng'ombe jike.

Sioni haja ya kubishana kama kisa kilitokea hivyo hivyo. Kinaonyesha waliokisimulia waliamini nini. Waliamini kwamba Sabato ya nyumba, ikishikwa kweli, humwingia hata ng'ombe mwilini, naye anaweza kuwa mhubiri kwa jirani ambaye hakuwahi kuingia katika nyumba ya ibada.

Kisa cha pili ni kizito zaidi kwa sababu kinamhusu mkubwa. Rabi Yehuda, aliyeikusanya Mishna karibu mwaka 200, alikuwa amekaa siku moja. Ndama aliyekuwa akipelekwa kuchinjwa akaponyoka, akaficha kichwa chake katika vazi la rabi, akilia. Rabi akamwambia aende, kwani aliumbwa kwa ajili hiyo. Neno lake lilikuwa sahihi kisheria. Lakini husimuliwa kwamba mbinguni ilisemwa kuwa kwa kuwa hakuhurumia, mateso yamjie, naye akaugua maumivu makali miaka 13. Yaliondoka siku mtumishi wa nyumbani kwake alipokuwa akifagia, akakuta vitoto vya mnyama mdogo kama cheche, akataka kuvifagilia nje. Rabi akamwambia aviache, kwa maana huruma za Bwana zi juu ya vyote alivyoviumba, kama Zaburi ya 145 inavyofundisha.

Angalia kwamba kosa la rabi halikuwa kuruhusu ndama achinjwe. Kosa lilikuwa kusema neno la kweli bila huruma mbele ya kiumbe aliyemkimbilia. Nami Krismasi ile nilikuwa nimesema neno la kweli kuhusu uhuru wa Mkristo.

Jemadari wa Mbale

Msomaji asidhani mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Kutoka Mwanza ukivuka Ziwa Viktoria, ukapita Jinja kwenda mashariki mwa Uganda, utafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Vilima vya huko vina Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya, na historia yao inaanza na mtu aliyekuwa Mprotestanti kama sisi.

Semei Kakungulu alizaliwa miaka ya 1860. Alikuwa mwindaji wa tembo, kisha jemadari. Buganda aliyokulia ilijua jinsi swali la nani achinje linavyoweza kuua. Karibu na mwaka 1876 Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wengi wa jumba lake, na moja ya mashtaka juu yao lilikuwa kwamba walikataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme wasiotahiriwa. Baada ya hapo vikaja vita vya dini vya 1888 hadi 1892, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakipigana. Kakungulu alipigana upande wa Waprotestanti. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ameziteka nchi za mashariki kwa faida ya Waingereza, na Mbale ikakua kutokana na makao yake. Alitumaini kufanywa mfalme wa nchi hizo. Waingereza wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua.

Akageuka kutoka kwa mabwana wake, akaingia kwanza kwa Bamalaki, kundi lililokataa dawa na kushika Sabato Jumamosi. Akazidi kuisoma Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896, na kila alipofika katika vitabu vya Musa aliona amri ambazo hakuna aliyemweleza kwa nini hazishikwi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake Bamalaki walipomwonya kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, alijibu kwamba basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka uliofuata alifika kwake mgeni Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Tangu hapo Abayudaya wakawa hawali nyama isipokuwa waliyoichinja wenyewe kwa sheria hiyo. Kakungulu alifariki Novemba 24, 1928.

Wanahistoria huieleza habari hii kwa upande wa siasa: jemadari aliyenyimwa kiti anatafuta dini isiyo ya mkoloni. Sipingi. Lakini nikisimama upande wa zizi naona na jingine. Katika vita vya siku zile ng'ombe walikuwa nyara. Walihamishwa na kuswagwa kwa fimbo kutoka nchi hadi nchi, na kwa mnyama, jemadari alikuwa vumbi na kelele. Kisha mkono uliozoea bunduki unaambiwa ukague makali kwa ukucha. Boma lililojaa amri za kijeshi linaambiwa kwamba Ijumaa jua likizama, hata punda amekwisha kazi. Pengine Kakungulu hakuacha kiburi chake chote. Wachungaji nasi hatuachi. Ila wanyama wa nyumbani kwake walipata siku ya saba, na siku hiyo haikuwa ya siasa kwao.

Mkesha wa Pasaka, 1979

Idi Amin alichukua nchi mwaka 1971, na dini ya Abayudaya ikapigwa marufuku. Sinagogi zilifungwa. Wengi waligeuka Wakristo au Waislamu. Inakadiriwa kwamba kutoka watu kama 3,000 walibaki 300 hivi. Waliobaki walisali kwa siri.

Imani ikifungiwa mlango wa hekalu, hubaki na meza, kitanda na zizi. Huwezi kuimba kwa sauti, lakini unaweza kuacha kumfunga ng'ombe jembe siku ya Jumamosi ukasema anaumwa. Unaweza kukaa bila nyama mwaka mzima. Mambo hayo madogo askari hayaoni. Mnyama wa nyumbani anayaona, na watoto wanayaona pia, ndiyo maana watoto wa vilima vile walikuwa na kitu cha kurudia mlango ulipofunguliwa.

Ulifunguliwa na sisi. Aprili 11, 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala. Kwa kalenda ya Kiyahudi jioni ya siku hiyo ndiyo iliyoanza Pasaka. Sidhani askari wetu wa kutoka Songea au Tabora walijua kwamba wanawatoa watu Misri katika usiku wenyewe. Vijana wa Nabugoye walijenga upya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008. Na mwaka 2004 wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa Mbale waliunda ushirika mmoja, Mirembe Kawomera, jina la Kiganda linalomaanisha amani tamu. Wanaotofautiana mchinjaji wamekubaliana mizani.

Paka wa Dresden

Ningependa kuishia hapo, lakini mimi ni Mlutheri, na kutoka uani kwetu Kikwajuni ziliweza kuonekana ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Wenyeji waliwasifu mafundi wale. Kila nilipozitazama nilikumbuka mji mmoja wa nchi ile, Dresden, na paka mmoja.

Profesa Victor Klemperer alikuwa mtoto wa rabi, naye alibatizwa katika Kanisa la Kiprotestanti. Mkewe Eva hakuwa Myahudi. Utawala wa Hitler haukujali ubatizo wake. Kwao alikuwa Myahudi tu. Walimwondoa kazini, walimnyang'anya nyumba, walimshonesha nyota kifuani. Yote hayo aliyaandika kwa siri katika shajara yake. Mei 1942 ilikuja amri nyingine: Wayahudi na wanaoishi nao wasifuge mnyama wa nyumbani, mbwa, paka wala ndege, na wasimpe mtu mwingine amtunze. Klemperer na mkewe walikuwa na paka dume aitwaye Muschel, waliyekuwa naye kwa miaka mingi. Eva akamchukua, akampeleka kwa daktari wa mifugo auawe kwa upole, kabla hajachukuliwa na mikono isiyo na upole.

Mbele ya mauaji ya Wayahudi milioni sita, paka ni nini? Lakini waliotoa amri ile walijua walichokifanya. Walijua kwamba mnyama ndani ya nyumba ni alama kwamba hapa panaishi watu, wanaolisha, wanaobembeleza, wanaocheka jioni. Waliitaka nyumba ya Myahudi isionekane kuwa nyumba ya watu hata kwa jicho la paka. Torati ilimwingiza mnyama katika orodha ya familia. Amri ya 1942 ilimfuta, na iliyofuata kufutwa ni familia yenyewe.

Na waliotekeleza wengi wao walikuwa wamebatizwa, wamekariri Katekisimo Ndogo ya 1529. Katika maelezo ya imani kuhusu uumbaji, Luther anataja mifugo miongoni mwa vitu ambavyo Mungu ametupa bila sisi kustahili. Kila mtoto wetu wa kipaimara anayajua maneno hayo. Luther huyo huyo, mwaka 1543, aliandika kitabu juu ya Wayahudi akishauri sinagogi zao zichomwe na nyumba zao zibomolewe. Sitawaficha wasomaji wa kitabu cha kanisa jambo hilo. Mwaka 1984 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Budapest, na Rais wake aliyekuwa akimaliza muda alikuwa Askofu wetu Josiah Kibira wa Bukoba. Mkutano huo ulipokea tamko lililoandaliwa mwaka uliotangulia kule Stockholm, ambalo Walutheri waliyakataa maneno hayo ya Luther na kukiri dhambi yake. Ni vema tukijua kwamba toba hiyo ni yetu pia.

Mimi niliyefika Unguja mwaka ambao makanisa yalichomwa nilijiona mtu wa upande unaoonewa. Na kweli tulikuwa tunaonewa. Lakini anayeonewa naye ana jogoo wake, ana kisu chake, na ana mtoto anayemtazama.

Kinoo

Februari 2013 mgogoro wa kuchinja ulifika mahali pa kuua: kule Buseresere, Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu. Siku chache baadaye, Februari 17, padre wa Kikatoliki alipigwa risasi Unguja akiwa njiani kwenda kuadhimisha misa. Nilitetemeka. Mke wangu aliniuliza kama tuondoke. Usiku ule yule mzee alitoa kiti chake akakaa nje karibu na mlango wetu mpaka nilipozima taa. Hakusema kwa nini, wala sikumuuliza.

Pasaka ya mwaka ule tulikuwa na kuku mmoja. Nilikinoa kisu kwa kinoo cha mzee, muda mrefu, nikapitisha ukucha kwenye makali kama nilivyokuwa nimesoma, upande huu na upande huu. Uhuru wa kuchinja nilikuwa nao bado, na sikuutupa. Lakini Paulo, alipoulizwa juu ya nyama huko Korintho, hakuuliza tu kama mtu ana uhuru; aliuliza kama uhuru huo unamjenga ndugu. Na Luther, katika kitabu chake bora cha 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba mtu huyo huyo aliye huru kwa imani ni mtumishi wa wote kwa upendo. Nikamchukua kuku na kisu, nikabisha hodi kwa mzee.

Alipitisha kidole kwenye makali, akanitazama, akasema, "Ehe. Sasa hiki kisu." Akachinja mara moja. Binti yangu alileta mchanga katika kopo, akafukia damu. Mchana ule uani kwetu kila mtu alikula.

Sisemi kila Mkristo afanye kama mimi. Kuna mahali ambapo kulinda haki ya Mkristo kuchinja chakula chake ni jambo la lazima, na wanaoilinda kwa utulivu wanastahili heshima. Ninachosema ni kwamba tulibishana mwaka ule juu ya jina linalotajwa kwenye kisu, na katika mabishano yote niliyoyasikia, mimbarini na redioni, hakuna aliyemkumbuka anayechinjwa. Wayahudi wametuhifadhia kumbukumbu hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000, katika uhamisho na chini ya watawala waliowachukia, mara nyingi watawala Wakristo. Hatuwezi kupokea Zaburi zao na kuliacha zizi lao.

Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuutaja mji wenye watu wengi na wanyama wengi pia. Basi tutazame nyumbani. Yupo punda wa mkokoteni aliyesimama juani tangu saa tatu, mwenye mali yuko kanisani. Wapo kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, kwenye baiskeli inayopeleka mchango wa mavuno. Yupo mbwa wa nyumba ya mchungaji mwenye mnyororo wa hatua mbili. Wote hao wanasikia kengele ya ibada kama sisi. Anayetaka kujua kama mahubiri yangu yana uzima, asiniulize mimi. Aje asubuhi, asimame uani, aone mnyama anafanya nini anaposikia hatua zangu.

Yule mzee amekwisha tangulia mbele ya haki. Kinoo chake kiko jikoni kwetu bara, na binti yangu, sasa msichana mkubwa, ndiye hukitumia. Kila sikukuu, kabla hajanipa kisu, hupitisha ukucha.